Kwa Nini Beringi za Injini Zina Mifereji

Fundi afunguapo injini ya lori na kuzitoa beringi za krenki, huzipanga juu ya gunia safi, jozi baada ya jozi, zisipate kuchanganyika. Mwenye lori akisimama karibu ataona jambo ambalo labda hakupata kuliona kabla ya siku hiyo. Kila beringi ni vipande viwili, na kila kipande kina umbo la nusu ya bangili pana. Katika injini nyingi kipande kimoja kimechongwa mfereji katikati, kutoka ncha moja hata ncha ya pili, na ndani ya mfereji huo pana tundu. Kipande mwenzake ni laini kabisa. Hakina mfereji wala tundu.

Basi mwenye lori huuliza: Mfereji huu kazi yake nini? Na kama una faida, mbona kipande cha pili kimenyimwa? Jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba mfereji huleta oili. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya kweli, na ile nusu isiyosemwa imewaharibia krenki watu wengi.

Yafaa kwanza ifahamike beringi hizi ni za namna gani. Mtu aliyezoea baiskeli akisikia neno beringi hufikiri gololi. Lakini beringi za krenki hazina gololi. Mgongo wake ni chuma kigumu, na uso wake wa ndani umepakwa metali laini: katika nyingine ni ile metali nyeupe iliyochanganywa kwa stani, antimoni na shaba, katika nyingine ni shaba na risasi, au alumini na stani. Ndani ya metali hiyo huzunguka shingo ya krenki, ambayo ni chuma kigumu kilichosuguliwa hata kikang'aa kama kioo. Mlipuko wa mafuta huisukuma pistoni chini, pistoni huusukuma mkono wake uitwao konrodi, na konrodi huizungusha krenki. Nguvu yote hiyo hupita katika beringi. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, chuma hicho kigumu huipitia metali laini mara 2,000 kila dakika kikiwa na mzigo mkubwa juu yake.

Kwa nini metali laini haliki mara moja? Sababu ni kwamba, injini ikiwa nzima na ikienda sawasawa, chuma na metali havigusani. Katikati yake umo utando wa oili. Nafasi iliyoachwa kati ya shingo na beringi ni ndogo sana: kwa shingo yenye kipenyo cha milimita 50, nafasi yote ni kama sehemu 5 za mia za milimita moja. Mzigo ukikandamiza upande mmoja, utando wa upande huo huwa mwembamba kuliko unywele wa mtu, tena mara nyingi. Hata hivyo ndio ubebao injini.

Mambo haya hayakujulikana tangu zamani. Watu waliifahamu oili kuwa kitu cha kulainisha, wakaiona kama mafuta yapakwayo kwenye ngozi ngumu, wala hawakufikiri kwamba yaweza kubeba mzigo. Katika mwaka 1883 mhandisi wa Kiingereza, Beauchamp Tower, aliitolea habari jumuiya ya wahandisi wa mitambo iliyoko London juu ya majaribio aliyoyafanya. Alichukua beringi ya namna ya mabehewa ya reli ya siku zile, yaani kipande kimoja cha metali kilichokaa juu ya mhimili na kuukandamiza kwa mzigo kutoka juu, na upande wa chini wa mhimili ulizunguka ndani ya bakuli la oili. Akatoboa tundu juu kabisa ya beringi, kusudi atie kidude cha kudondoshea oili. Mashine ilipoanza tena kuzunguka, badala ya oili kushuka katika tundu, ilipanda na kumwagika nje.

Tower akaliziba tundu kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akalitia kipande cha mti. Nacho kikatoka polepole. Hapo akafahamu kwamba ndani mna nguvu, akafunga kipimo. Mzigo aliouweka ulikuwa wastani wa ratili 100 kwa kila inchi moja ya mraba, lakini mshale wa kipimo ulipita ratili 200, ukafika mwisho wa kipimo chenyewe. Hapakuwa na pampu. Nguvu hiyo ilitoka kwa mhimili uliokuwa ukizunguka. Katika mwaka 1886 mtaalamu wa Manchester, Osborne Reynolds, alieleza jambo hilo kwa hesabu, na hesabu zake ndizo msingi wa kazi ya kutengeneza beringi.

Maelezo yake, kwa kifupi, ni haya. Oili hung'ang'ania chuma. Shingo ya krenki inapozunguka huivuta oili pamoja nayo na kuiingiza mahali pembamba, ambapo shingo imekaribia beringi. Nafasi inazidi kuwa finyu, na oili haiwezi kubanwa ikawa ndogo, wala haipati njia ya kutoka upesi. Hivyo hujiingiza kama kabari chini ya gogo, ikaiinua shingo na kuishika juu. Pampu ya oili ya motokaa husukuma kwa ratili 40 au 60 hivi kwa inchi ya mraba. Ndani ya kabari hiyo nguvu huweza kupita maelfu ya ratili. Basi pampu siyo ibebayo krenki. Kazi ya pampu ni kuifikisha oili mlangoni tu, na krenki yenyewe ndiyo hujitengenezea kitanda chake.

Dereva aliyepata kuendesha gari lenye matairi yaliyolika, juu ya lami, wakati wa mvua kubwa, amekwisha kuiona kabari hiyo kwa macho yake, ingawa pengine hakuitambua. Gari likienda mbio, maji huingia mbele ya tairi na kuliinua. Usukani huwa mwepesi mkononi na gari halisikii tena amri ya mtu. Watengenezaji wa matairi huchonga mifereji katika mpira ili maji yapate pa kukimbilia, utando uvunjike, na mpira uiguse barabara. Mifereji ya tairi imewekwa makusudi ili kuuharibu utando. Na mfereji hauwezi kugeuza tabia yake kwa sababu umetolewa kwenye mpira ukatiwa katika metali. Ukichongwa katika beringi, mahali penye mzigo, utaifanya kazi ile ile: utaipa oili pa kukimbilia, kabari italegea, na chuma kitakutana na metali.

Hata Tower aliliona hilo. Alipojaribu kuilisha beringi yake kwa njia iliyokuwa desturi ya siku zile, yaani tundu na mfereji juu kabisa katikati, mahali palipokuwa na mzigo mzito kupita pote, beringi haikukaa baridi hata kwa mzigo mdogo, na oili ilikataa kushuka. Mfereji uliokusudiwa kuileta oili uligeuka kuwa njia ya kuiondolea.

Hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu. Mfereji huleta oili, lakini mahali ulipo mfereji hapabebi kitu. Wakulima wa bonde la Kerio na wa milima ya Taita, ambao tangu zamani wamechimba mifereji ya kunyweshea mashamba, watalielewa neno hili bila shida: maji hayafiki shambani pasipo mfereji, lakini mahindi hayapandwi ndani ya mfereji. Mwenye kuchimba mifereji mingi kupita kiasi atakuwa na maji mengi na shamba dogo.

Sasa na ifuatwe safari ya oili katika injini ya lori. Pampu huivuta kutoka sampu iliyo chini, huipitisha katika chujio, kisha huiingiza katika njia ndefu iliyotobolewa ndani ya mwili wa injini. Kutoka njia hiyo matawi hushuka, moja kwa kila beringi kubwa ya krenki, na kutokea katika kipande cha juu kupitia lile tundu. Beringi hiyo ikipata oili yake, kazi haijaisha, kwa maana beringi za konrodi nazo zina kiu. Konrodi huruka huku na huku; hakuna bomba liwezalo kufungwa hapo. Njia iliyopatikana ni kuitoboa krenki yenyewe kwa ndani, kutoka shingo ya beringi kubwa hata shingo ya konrodi. Mdomo wa tundu hilo huzunguka pamoja na krenki, na kila mara hupokea oili kutoka katika mfereji wa beringi kubwa. Kama mfereji usingekuwapo, mdomo huo ungekutana na tundu la oili mara moja tu katika kila mzunguko, kwa muda mfupi sana, na beringi ya konrodi ingeishi kwa matone. Mfereji ndio umlishao jirani. Hiyo ndiyo sababu beringi za krenki zina mfereji, na za konrodi, ambazo zenyewe ni mwisho wa safari, kwa kawaida hazina.

Je, kwa nini mfereji usizunguke beringi yote? Injini nyingi za zamani zilifanywa hivyo, na katika hizo oili ilikwenda kwenye konrodi bila kukatika. Lakini gharama yake ni kubwa kuliko ionekanavyo kwa macho. Ichukuliwe beringi yenye upana wa milimita 30. Mfereji wa milimita 4 ukipita katikati, hubaki kingo mbili, kila moja milimita 13. Mtu akijumlisha ataona milimita 26 zimesalia, naye atadhani hasara ni ndogo. Sivyo. Oili hutoroka kwa pembeni, kwa hiyo nguvu ya kabari ni kubwa katikati, mbali na kingo, na hapo katikati ndipo palipochongwa. Beringi moja imekuwa mbili nyembamba. Hesabu ya wahandisi kwa beringi fupi ni kwamba, utando ukiwa na unene ule ule, uwezo wa kubeba hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Upana wa 30 hutoa 27,000. Upana wa 13 hutoa 2,197, na kingo mbili pamoja 4,394. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya sita. Katika injini mzigo haupungui kwa kuwa beringi imekatwa. Basi krenki huzidi kushuka na kukaribia metali, mpaka utando uwe mwembamba kiasi cha kuweza kuubeba. Siku utando huo unapokuwa mwembamba kuliko uchafu uliomo ndani ya oili, kulika kumeanza.

Kwa hiyo walio wengi walikata shauri la kugawanya kazi. Mlipuko huisukuma krenki chini, maana yake kipande cha chini cha beringi kubwa ndicho kibebacho mapigo mazito. Hicho kikaachwa laini, chenye upana wake wote. Kipande cha juu, chenye mzigo mwepesi zaidi, kikapewa mfereji. Mdomo wa krenki unapopita katika kipande laini hukosa oili kwa muda, na wengine wameliponya hilo kwa kuitoboa shingo kutoka upande hata upande, ili mdomo mmoja ukiwa chini, wa pili uwe juu ndani ya mfereji. Wengine huurefusha mfereji kidogo katika ncha za kipande cha chini, wakaufanya uishe polepole, usikatike ghafula. Kwa maana mahali mfereji ukatikapo ghafula oili huchemka vipovu, na vipovu hivyo vikipasuka huitoboa metali kama vidonda vya ndui.

Basi mtu akiyafahamu hayo, ataona mara moja ni hatari gani kuvibadilisha vipande viwili mahali pake, cha juu kikawekwa chini na cha chini kikawekwa juu. Katika injini nyingine ule ulimi mdogo wa kipande huzuia kosa hilo. Katika nyingine vipande huingia vizuri pande zote mbili, na mkono wenye haraka hautambui kitu. Lakini kipande laini hakina tundu. Kikiwekwa juu huifunika njia ya oili kama kifuniko cha chungu. Beringi hiyo haipati hata tone, na beringi ya konrodi inayolishwa nayo haipati pia. Jambo baya zaidi ni kwamba kipimo cha oili hakisemi kosa hilo. Pampu ikisukuma dhidi ya njia iliyozibwa, mshale hupanda vizuri na taa nyekundu huzima. Mwenye lori hufurahi, hulipa fedha za fundi, hupakia magunia, na kabla ya kupanda mlima wa kwanza husikia mlio wa kugonga chini ya miguu yake. Ufunguliwapo tena, metali ya beringi imeyeyuka na shingo ya krenki imegeuka rangi ya samawi kwa moto.

Kosa la pili hufanywa kwa nia njema. Fundi akiona beringi imekufa kwa ukame, huchukua tupa au patasi na kuichongea beringi mpya mifereji zaidi, pengine kwa umbo la msalaba, akidhani ameiongezea maji mgonjwa wa homa. Beringi nyembamba za siku hizi hazikutengenezwa zichongwe na mtu. Kama oili ilikuwa haifiki, sababu iko kwingine: chujio limeziba, pampu imechakaa, oili ni nyepesi kupita kiasi au imechanganyika na petroli, au shingo za krenki zimelika na oili inamwagika pembeni kabla ya kufika mbele. Mifereji ya tupa haiponyi hata moja katika hayo, nayo huondoa nafasi ya kubebea.

Si haki, hata hivyo, kuwadharau wazee waliochonga kwa mikono. Wakati beringi zilipomiminwa metali nyeupe papo hapo na kukwanguliwa, kuchonga mifereji kulikuwa sehemu ya ufundi. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hata 1927, haikuwa na pampu ya oili hata kidogo. Oili ilirushwa na kurukiana ndani ya injini, na ilibidi ipate mahali pa kukusanyika. Fundi hodari wa siku hizo aliuweka mfereji upande usio na mzigo, mahali shingo inapoingia katika kabari, ili iibebe oili na kwenda nayo. Hakuufikisha mfereji kwenye ukingo wa beringi, oili isivuje nje. Na midomo ya mfereji aliifanya mviringo, asiiache kali, kwa sababu ukingo mkali huipangusa oili kutoka kwenye shingo kama kisu kipanguzacho siagi.

Pana mahali pia ambapo mifereji mingi ni ya lazima. Mahali hapo ni pale ambapo chuma hakizunguki bali hubembea tu, kama kichwa cha juu cha konrodi. Mbembeo hautengenezi kabari nzuri, kwa maana mwendo husimama na kurudi nyuma kila mara. Katika injini kubwa za meli zenye mapigo mawili, mzigo wa hapo haugeuki upande hata mara moja, nao utando haupati nafasi ya kupumua. Wahandisi wamechonga hapo mifereji kadhaa iliyolala kwa urefu wa pini, na kuipanga karibu karibu kiasi ambacho kila mbembeo huipeleka oili ya mfereji mmoja hata kwenye mfereji wa pili.

Halafu viko vile vipete vya nusu mwezi vinavyoizuia krenki isisogee mbele na nyuma. Navyo vina mifereji, kwa kawaida miwili au zaidi, upande mmoja tu. Upande huo hutazama krenki izungukayo, na mgongo wake wa chuma hutazama mwili wa injini uliosimama. Vikigeuzwa, metali laini hukaa bure mahali pasipo na mwendo, na chuma husuguana na chuma. Dereva akikanyaga klachi huisukuma krenki juu ya vipete hivyo, na kwa kuwa madereva wengi hupenda kupumzisha mguu wao hapo safari nzima, kosa hilo haliwi la siri kwa muda mrefu.

Kuhakikisha kwamba mambo yako sawa hakuhitaji chombo cha thamani. Kabla ya kuilaza krenki mahali pake, fundi atie waya mwembamba katika kila tundu la kipande cha juu na kuona kwamba unaingia katika njia ya oili bila kizuizi. Vifuniko vikiisha kufungwa, na sampu ikiwa bado haijarudishwa, oili isukumwe katika njia kuu kwa pampu ya mkono huku mtu mwingine akiizungusha krenki polepole. Mwenye lori anaweza kuchutama na kutazama mwenyewe: kila beringi, ya krenki na ya konrodi, lazima idondoshe oili. Ile isiyodondosha ifunguliwe siku hiyo hiyo.